Ua la Shaba, Nondo wa Mutondo na Saini Niliyowanyima

Sogea usikilize, wewe uliyeingia juzi kwenye kazi ya kutafuta madini, na wewe uliye bado shuleni unayeogopa majina ya Kilatini. Nitazungumza polepole. Kila neno la kazi nitalieleza, na usipolielewa kosa ni langu, si lako. Maneno ya watu nitayaacha jinsi yalivyosemwa hapa kwetu Likasi. Jambo moja tu sitalilainisha: niliombwa saini yangu nikakataa, na karatasi ile ikiletwa leo asubuhi mezani kwangu nitaikataa tena.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda mtaa wa Shituru kwa miguu, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana. Kampuni ilikuwa ndogo, na sasa imekufa, kwa hiyo jina lake halikusaidii. Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani yenye paa la bati nyuma ya reli. Treni ya madini ikipita, chupa zilitikisika kwenye rafu na sote tulinyamaza mpaka imalize. Mimi nilidhani nitafundishwa kupiga mashine ya kuandikia. Shefu, yaani mkuu, wa Chumba cha Mimea, mzee mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinipa mmea mmoja uliong'olewa mzima pamoja na lensi ya mkononi. Akaniambia niuchore.

Nilichora ua, lile la rangi ya zambarau iliyofifia, nikachora majani, nikampelekea. Akauliza mizizi iko wapi. Nikasema ni midogo tu.

"Kidogo hakuna mu rejista," akasema. "Iko na urefu gani?"

"Sina rula, Shefu."

"Uko na vidole."

Basi mzizi ulikuwa mrefu kama kidole changu cha kati, naye akaniamuru niandike hivyo hivyo. Kwa miaka mingi rejista ya kampuni ilikuwa na mstari unaosema: mzizi, kidole cha kati cha Mama Jeanine. Mama Jeanine ni mimi. Wageni kutoka Lubumbashi waliusoma wakacheka, na Shefu aliwaacha wacheke.

Mmea ule ndio ua la shaba. Jina lake la kitabuni ni Haumaniastrum katangense. Usitishwe na urefu wa jina. Sema mara tatu ukiwa unatembea, litakaa. Ni mmea wa msimu mmoja: huota na mvua, huchanua mvua zikielekea kwisha, halafu hufa na kuacha mbegu. Unapenda mahali penye shaba, mahali ambapo mimea mingine hudhoofika. Shefu alinieleza kwamba mche wake, ukipandwa kwenye udongo wa kawaida, huliwa na ukungu ungali mchanga. Shaba inaua ukungu, na ua linabaki limesimama. Kwa hiyo si kwamba linakula shaba kama chakula. Linajificha nyuma yake.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta shaba kwa kusoma mimea. Tulikwenda porini na kibanio, yaani mbao mbili na mikanda ya kukazia, katikati magazeti ya kukaushia mimea. Tulipoona uwazi wa shaba tuliupima kwa hatua. Uwazi wa shaba ni kipande cha kilima ambapo msitu unakoma ghafla, hakuna mti, nyasi tu na maua, kwa sababu sumu ya madini inatoka chini mpaka juu na mizizi ya miti haiiwezi. Pale tulisimika bendera nyekundu, na wachimbaji wa kampuni walikuja nyuma yetu kuchimba mashimo ya majaribio.

Mwaka wangu wa pili nilitumwa kambini, barabara ya kwenda Mwadingusha. Siku ile Shefu alikuwa na homa, nikaenda peke yangu na kiburi changu. Niliona maua ya shaba yamejipanga mstari mrefu, mazuri, mengi kuliko nilivyowahi kuona. Nikasimika bendera sita. Wachimbaji walitoa jasho juma zima. Hawakupata kitu. Shefu alipopona alikuja, akasimama kwenye mstari wa maua, akatazama huku, akatazama kule, kisha akaniuliza magari makubwa ya madini yalipita wapi zamani. Yalipita pale pale. Vumbi la shaba lilikuwa limemwagika kutoka kwenye magari miaka na miaka, na ua langu lilifuata vumbi.

Kiongozi wa wachimbaji hakunisamehe upesi. Kila asubuhi mbele ya watu wote aliniuliza, "Mama Jeanine, na leo tuchimbe barabara?"

Shefu hakunigombeza. Alinikalisha kwenye jiwe na kunieleza kosa langu kama mtu anayekuonyesha njia ya nyumbani kwake. Ua lenye mzizi wa kidole linajua habari za kina cha kidole. Likikuambia kuna shaba, liamini, lakini liamini mpaka hapo tu. Ukitaka habari za chini, tafuta mtu anayekunywa chini.

Aliyenionyesha mtu huyo si Shefu. Ni mama yangu, ingawa yeye hakujua kwamba ni elimu. Kila mwaka mvua zikielekea kwisha, yeye na wenzake walikwenda msituni kuokota tunkubiu. Kama wewe si wa kwetu, tunkubiu ni viwavi wanaoliwa, wanaokaushwa na kupikwa kwa nyanya na kitunguu, na mtoto wa Likasi akiwasikia wanakaangwa hahitaji kuitwa mara mbili. Kiwavi huyo ni mtoto wa nondo mweupe, Elaphrodes lactea. Neno la pili maana yake ni la maziwa, kwa ajili ya rangi. Nondo jike anataga mayai kwenye mti wa mutondo, au kwenye jamaa zake wachache. Viwavi wanakula majani mpaka matawi yanabaki kama mifupa, kisha wanashuka na kujifunga katika majani makavu.

Sasa weka hawa wawili mbele yako, kama nilivyowaweka mimi mezani kwa miaka. Ua na nondo wanaonekana kwa wakati mmoja wa mwaka, mmoja akichanua, mwingine akiwa bado kiwavi. Ua halina miguu wala mabawa, ungedhani ndilo shahidi mwaminifu; kumbe mbegu yake inakwenda kokote vumbi linakokwenda. Nondo ana mabawa, anaweza kuruka juu ya kilima chochote cha shaba, lakini mtoto wake hawezi kuishi pale, kwa sababu mutondo haupo. Na mutondo haupo kwa sababu mizizi yake inashuka kuliko urefu wa mtu na haivumilii shaba nyingi. Kwa hiyo penye ua, udongo wa juu una shaba. Penye viwavi wengi mwaka baada ya mwaka, udongo wa chini ni mzima. Penye ua bila viwavi, simika bendera. Penye vyote viwili, weka bendera chini ujiulize nani alileta shaba hapo juu.

Niliandika hayo katika ukurasa mmoja, safu mbili, ua kushoto, nondo kulia. Shefu aliusoma, akauweka ndani ya rejista, akasema ningeandika hata rangi ya mavi ya viwavi. Nikaandika.

Shefu alipostaafu, nilipewa chumba chake na lensi yake. Sikupewa cheo chake. Niliendelea kuitwa msaidizi. Lakini kwa utaratibu wa kampuni ripoti ya kila kilima ilikuwa na saini tatu: ya Chumba cha Mimea kwanza, ya Injinia wa Kambi pili, ya Direkta wa Utafutaji mwisho. Bila ya kwanza, ya pili haikuwekwa, na faili halikwenda Lubumbashi kuombewa kibali. Kumbuka hilo, maana ndilo lililowasumbua.

Zilikuwa zimebaki kama miaka mitatu nistaafu alipofika Direkta mpya. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye simu mbili, aliyependa ramani kuliko mahali. Alileta picha zilizopigwa kutoka angani za kilima kimoja upande wa Mulungwishi. Sitakitaja jina, kwa kuwa watu wake wangali wanaishi pale na hawahitaji wageni. Kwenye picha kulikuwa na mabaka ya zambarau. Direkta aliyahesabu kwa kalamu, akasema hapa kuna mgodi, msitu ukatwe, familia za chini ya kilima zihamishwe kabla ya kiangazi kukolea, na ripoti aipate Ijumaa.

Nilikwenda kuangalia. Mabaka yalikuwapo kweli, kila moja kama ukubwa wa sakafu ya nyumba, ya duara, yametawanyika. Na katikati yao, ukingoni mwao, juu yao, mitondo mikubwa yenye afya. Chini ya mitondo wanawake wenye mabeseni. Kiongozi wao alikuwa Mama Odette, mjane, aliyesimamia pia sala za wanawake katika kanisa lao la Kipentekoste; aliimba huku akiokota, na waliobaki walimwitikia. Nilimuuliza tunkubiu wameanza kuja hapa lini. Akasema bibi yake aliwakuta, na kwamba kwa viwavi hao watoto wa kilima kizima walikuwa wakinunuliwa madaftari.

"Tunkubiu haikusomaka," akaniambia, "lakini haikosake adresi." Adresi ni anwani; alimaanisha mti wao.

Nilirudi Shituru nikaandika ripoti: shaba ipo juu, chini hakuna dalili, ninaomba mashimo mawili kabla ya uamuzi. Nikabandika na ule ukurasa wa safu mbili. Direkta aliniita. Alikuwa ameushika kwa ncha za vidole.

"Mama, niliomba rapore ya mine. Weye unaniletea habari ya mboga." Rapore ya mine ni ripoti ya mgodi.

"Habari ya mboga njo habari ya udongo, Direkta." Njo ni ndiyo ya kwetu.

"Hii dudu iko na diplome gani?"

"Haina. Hata ua haina diplome, lakini ile unaiamini."

Alicheka kidogo. Hakuwa mjinga, na ninataka ulijue hilo, kwa sababu vijana hudhani anayekukandamiza lazima awe mjinga. Alinieleza kwa ufasaha kabisa kwamba miti imesimama kwa sababu shaba iko chini sana, chini kuliko mizizi ya mutondo. Nikamuuliza swali moja.

"Kama shaba iko chini sana, ua iliijua namna gani? Muzizi yake iko kidole tu."

Alisukuma mbele yangu ripoti nyingine, iliyoandikwa tayari kwamba kilima kina mgodi, akaacha mambo ya udongo akaanza mambo yangu.

"Mama Jeanine, unalala mu nyumba ya kampuni, hapana?"

"Ndiyo, Direkta."

"Na kalamu uko nayo?"

"Niko nayo. Lakini kalamu si ya kampuni."

Nilitoka nje. Nyumba ile nililea watoto wanne ndani yake. Nilikwenda nikakaa kwenye chumba cha mimea, kati ya makabati, nikajaribu kujishawishi kwamba saini ni wino tu. Sikuweza. Ningeweka saini, jina langu lingesema nimeona kitu ambacho sikukiona, na Mama Odette angehamishwa kwa jina hilo. Si kwa jina la Direkta. Lake lilikuwa la tatu.

Alhamisi Direkta alimtuma Injinia wa Kambi anichukue kwa gari mpaka kilimani, nikaangalie vizuri zaidi na kuweka saini huko huko. Injinia alikuwa mtu mzima wa maneno machache, baba wa watoto wengi, aliyeniambia njiani, akitazama mbele, kwamba yeye naye anaishi nyumba ya kampuni. Tulipofika nikasema nitaweka saini yoyote baada ya mashimo mawili. Akasema wachimbaji wamehamishiwa kambi nyingine tangu jana, kwa amri. Direkta alikuwa amefikiria kila kitu.

Mama Odette alikuwa amesimama na beseni kichwani, anasikiliza. Akauliza ni kitu gani kinachokosekana. Nikamweleza.

"Kuchimba tu?" akasema. "Weye unazania sisi tunalimaka na kijiko?"

Akatuma majembe yaletwe. Wanawake kumi na wawili waliweka mabeseni yao kivulini na kuanza, sita kwenye baka la maua, sita chini ya mutondo, na mara wakafanya mashindano, wa huku wakiwatania wa kule kwamba wanachimba kama mabibi harusi. Injinia alivua koti lake akalitundika kwenye mlango wa gari. Hakuchimba, lakini hakuondoka.

Kwenye baka la maua, udongo ulikuwa mweusi. Kufika magotini majembe yaligonga vitu vigumu: mawe mazito meusi, yenye mapovu yaliyoganda, kama uji uliofurika jikoni ukakauka. Halafu makaa. Halafu vipande vya mirija ya udongo wa kuchoma, upande mmoja umeyeyuka kwa moto. Hiyo mirija ndiyo iliyopitisha pumzi ya mivukuto kuingia kwenye tanuru. Kila baka lilikuwa tanuru la watu wa kale, walioleta mawe ya shaba kutoka mbali wakayayeyusha pale kwa sababu pale palikuwa na kuni. Shaba waliyoimwaga ilibaki juu ya udongo. Msitu ulirudi, ua nalo likakaa kwenye majivu yao.

Injinia alishika kipande cha mrija, akakipuliza vumbi, akachungulia ndani yake. "Bankambo balitutangulia hapa," akasema taratibu; bankambo ni mababu.

Chini ya makaa ulianza udongo mwekundu. Nilitoa karatasi ya majaribio. Unalowesha udongo kwa asidi kidogo, unadondosha tone juu ya karatasi. Shaba ikiwepo, doa linakuwa la kijani kilichokolea, karibu cheusi. Udongo wa juu wa maua ulitoa doa. Udongo mwekundu wa chini yake, tulipofika kina cha kifua, haukutoa. Na shimo la chini ya mutondo halikutoa doa hata kidogo, juu wala chini. Niliwapa wanawake karatasi zilizobaki wajaribu wenyewe. Mama Odette alijaribu mara tatu, kisha akamwonyesha Injinia karatasi nyeupe karibu kabisa na pua yake.

Niliandika ripoti juu ya bodi ya gari. Shaba ya juu, imeletwa na watu, hakuna mgodi. Nikaweka saini. Injinia alitazama karatasi kwa muda mrefu kiasi kwamba wanawake walirudi kwenye mabeseni yao. Kisha akaomba kalamu yangu na kuweka yake chini ya yangu.

Direkta hakuchana ripoti ile. Aliisoma mbele yetu, akaifungia kwenye droo, na Jumatatu nikapewa barua ya kuhamishwa. Kutoka Chumba cha Mimea niliwekwa magazini, yaani ghalani, nigawe viatu na kofia za wachimbaji. Injinia alipelekwa kambi ya mbali kuliko zote. Lakini faili halikwenda Lubumbashi, kwa sababu ripoti yenye saini mbili za hapana haiombewi kibali, na hakuna aliyethubutu kuitia saini ile ya Direkta wakati mashimo mawili yako wazi na wanawake kumi na wawili wanajua yalipo. Direkta aligeukia ramani nyingine. Msitu haukukatwa.

Nilifanya miaka mitatu magazini. Niligawa viatu vizuri; hakuna aliyepewa saizi isiyo yake. Siku ya kustaafu hakukuwa na hotuba wala soda. Nilirudisha ufunguo, nikarudisha nyumba, nikahamia mtaa wa Kikula kwenye vyumba viwili. Kampuni ilipofungwa, karatasi za mimea za miaka yetu yote zilichomwa uani, pamoja na rejista. Niliambiwa na mlinzi. Hilo liliniuma kuliko nyumba.

Lakini nikuambie kitu. Walichoma karatasi, hawakuchoma nilichokijua. Nimenunua magazeti, fundi jirani amenitengenezea kibanio kipya, na nimeanza tena mezani ninapokula. Vijana wananiletea mimea kutoka Shituru, kutoka Mulungwishi, mingine imekunjwa mfukoni kama tiketi. Ninawakaribisha wote. Wengine wanafanya kazi kwenye kampuni zinazopima vilima kwa vyombo vinavyoruka, na wananiuliza kwa adabu kama mambo ya ua na nondo bado yana maana. Ninawaambia chombo kinachoruka kinaona rangi ya zambarau, kama Direkta alivyoiona. Mimi mtu mzima sijakatazwa bado kuwa na shaka, na wewe usikubali kukatazwa. Watakuambia huna cheo. Watakuambia Ijumaa imefika. Watakuuliza unalala wapi. Yote hayo hayabadilishi udongo.

Kwa hiyo ukikuta ua la shaba, usiandike neno bado. Tembea mpaka kwenye mti mkubwa ulio karibu zaidi. Chimba mashimo mawili, moja kwenye maua na moja chini ya mti, mpaka kina cha kifua chako. Katika kila shimo tia udongo wa juu katika mfuko wake na wa chini katika mfuko wake, upime mifuko yote minne. Halafu andika ulichokiona, na chini yake uandike jina lako kamili, lisomeke.